Punje Nyeupe kwenye Ini la Bahizire

Mtu akiacha kula kwako hakuambii. Anapitia njia nyingine, basi. Jovita aligundua hivyo mchana mmoja, ugali wa muhogo umejaa sufuria kama alivyousonga, samaki wa mukeke wamelala ndani ya mafuta ya mawese, na mabenchi yake, yale ambayo wabeba mizigo wa bandari ya Rumonge walikuwa wakiyagombania, hayana mtu. Wabeba mizigo wenyewe walikuwa ng'ambo ya barabara kwa mama mwingine, yule ambaye ugali wake una madonge na mji mzima unajua una madonge. Watu wazima na akili zao walikuwa wamechagua madonge. Hapo Jovita akaelewa kwamba wanamwogopa.

Maneno yenyewe alikuwa ameshayasikia, ila aliyacheka. Walisema amempa Bahizire karuho. Karuho ni sumu ya polepole, ndivyo wanavyoijua watu wa kando ya ziwa hili na wenzao wa Kivu: unalishwa leo, unakonda kidogo kidogo, tumbo linajaa maji, macho yanageuka njano, na aliyekulisha anakuja kukupa pole. Bahizire alikuwa amekonda. Tumbo lilikuwa limejaa maji na macho yalikuwa yamegeuka. Na chakula chake cha mchana, tangu zamani, alikuwa akila kwa Jovita.

Sasa Jovita huyu usimfikirie ni mtu wa kulialia. Alizaliwa kambini huko Tanzania, wazazi wakiwa wakimbizi, akarudi Burundi akiwa mtu mzima na Kiswahili kilichonyooka mpaka watu wakamwita Mutanzania. Mteja akimwambia, "Mutanzania, ongeza mboga," alijibu, "Mtanzania ni bibi yako, na mboga imekwisha," kisha anaongeza. Mume wake alikufa kwa ugonjwa ambao ndugu zake waliuita malaria. Jovita hakuwabishia. Alikwenda peke yake kupima, akakutwa na virusi vya ukimwi, akaanza dawa, akarudi kwenye sufuria zake. Dawa hizo hakuzionea haya, ila hakuzitangaza pia. Nani atanunua ugali kwa mpishi anayetangaza ugonjwa?

Bahizire alikutana naye huko kwenye dawa. Ni mtu wa Uvira, alivuka mpaka wakati wa vita, akapata kazi kwenye mashine ya kukamua mawese, akaoa msichana wa kwao anayeitwa Chanceline, wakamzaa Benita na wadogo zake. Siku hiyo alikaa mwisho wa benchi la kliniki, kofia imeshuka mpaka puani. Jovita alimtambua kwa mikono, maana mikono ya mkamuaji mawese haitakati hata uisugue na jivu.

"Vua kofia, Baba Benita," alimwambia. "Hapa hakuna aliyekuja kutembea."

Wakaapiana hapo hapo kwenye benchi: langu hulisemi, lako silisemi. Na urafiki ukaanza hivyo, urafiki wa watu wawili wanaojuana jambo moja.

Shida ilikuwa Chanceline. Alipokuwa na mimba ya mwisho walimpima wakamkuta salama, na Bahizire akamshukuru Mungu, akafunga mdomo. Dawa hakuthubutu kuzipeleka nyumbani. Akamwomba Jovita amtunzie. Jovita hakupenda, na alimwambia kwamba hapendi, lakini alichukua ile chupa akaitia ndani ya mkebe wa maziwa, juu ya rafu, karibu na chumvi. Kila mchana Bahizire alikuja mikono yote imelowa mawese, hawezi kushika kidonge kisiteleze. Basi Jovita alikitoa mwenyewe, akakiweka kwenye ukingo wa sahani, Bahizire akakifunika na tonge la kwanza, akameza. Wakazoea hivyo mpaka wakasahau kuangalia nani yuko karibu.

Aliyekuwa karibu, siku nyingi tu, alikuwa Heri, kaka yake Chanceline, fundi wa injini za mitumbwi. Heri ana macho. Aliona mkono wa Jovita ukiingia kwenye mkebe, ukitoka na kitu cheupe, ukikiacha kwenye sahani ya shemeji yake. Hakusema kitu wakati ule. Tumbo la shemeji lilipovimba, akakumbuka.

Na ukweli ni kwamba ukiwa kaka wa mtu, ukaona hayo, ungekumbuka pia. Hapo hatumlaumu Heri.

Walimletea Bahizire mganga wa mitishamba, akamnywesha maji ya mizizi ya kutapisha. Akatapika mpaka akazimia, na tumbo halikupungua. Jovita aliposikia alifunga kibanda akaenda kumchukua, akampeleka hospitali mwenyewe kwa pikipiki, mgonjwa amebanwa katikati yake na dereva kama gunia. Daktari mmoja kijana, Dusabe, alimlaza, akapitisha kipimo cha picha juu ya tumbo, akakunja uso.

"Ini haliko sawa," alisema. "Lina mabonde na vilima. Lakini hii picha ya nje inanionyesha kivuli tu, haitaji jina. Kwa mtu mwenye virusi ini linaweza kuharibiwa na mengi. Inaweza kuwa homa ya ini, inaweza kuwa saratani, inaweza kuwa kifua kikuu, kile kile cha mapafu, kimehamia tumboni. Ukitibu kisichokuwepo unamuua."

"Sasa unajuaje?" Jovita aliuliza.

"Kuna kamera. Bujumbura wanayo. Wanamlaza usingizi, wanatoboa tundu dogo kwenye kitovu, wanajaza hewa tumbo liinuke, wanaingiza mrija wenye taa na kamera. Ini wanaliona kwa macho kama unavyoniona mimi. Wananyofoa kipande kidogo cha kupima. Wanaita laparoskopi."

Bahizire aliogopa kutobolewa. Aliyeshangilia alikuwa Heri. Aliposikia kuna kamera ya kuingia tumboni alisema twende, hata kesho. Waganga wote wamebahatisha, sasa sumu itaonekana. Mtaa mzima wakaridhika kwamba mambo yameachiwa kamera. Na Jovita, masikini, alishangilia kuliko wote. Aliamini kwamba kitu kinachoona ndani ya tumbo hakitasingizia mtu.

Siku ya safari alimkuta Bahizire amekaa kwenye jiwe nje ya nyumba yake, koti limemkalia kama la kuazima, anasubiri gari la Bujumbura. Chanceline alikuwa ndani anamfungia nguo.

"Baba Benita," Jovita alisema kwa sauti ya chini, "sufuria zangu zinalala zimejaa. Jana nimemwaga ugali ziwani."

"Najua, dada."

"Wewe unajua kile kitu cheupe ni nini. Mimi najua. Wengine wote hawajui."

Bahizire alitazama miguu yake iliyovimba. "Nikirudi nitasema. Acha kwanza nijue kama nitaishi. Kamera ikionyesha, nitasema yote, mbele ya Chanceline na mbele ya Heri. Naapa."

Jovita alimwamini. Kwa nini asimwamini, mtu aliyemlisha kwa mkono wake?

Siku za kungoja alijaribu kuokoa biashara. Kando ya ziwa hili anayekupa kinywaji huonja kwanza yeye, kisha anakupa. Ni adabu, hakuna anayeuliza. Lakini chakula cha kibandani hakionjwi, mtu analipa anakula. Jovita akaanza kuonja. Akiweka sahani, anachota tonge, anachovya kwenye mchuzi, anameza mbele ya mteja. Alidhani anawatoa hofu. Wachache waliokuwa wamebaki wakatazamana. Anaonja ana nini? Nao wakavuka barabara.

Kisha simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Bahizire, nyembamba lakini imechangamka.

"Dada, wamenitazama. Ini limejaa punje nyeupe, na ngozi ya ndani ya tumbo pia. Kipande kimepimwa. Ni kifua kikuu. Iko dawa. Muganga wa hospitali amesema nitapona kabisa."

Jovita alikaa chini kwenye mchanga akalia. Alifurahi kwa ajili yake, kwanza kwa ajili yake, mtu asimsingizie. Furaha ya pili ilikuwa yake mwenyewe.

"Utasema?"

"Jumapili, kwa Heri. Uje."

Jumapili baada ya ibada watu walijaa uani kwa Heri. Bahizire alikaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Chanceline alikaa karibu naye, mtoto mgongoni. Heri alikuwa ameshika karatasi ambayo hospitali ilimpa mgonjwa, picha ya rangi, ini jekundu linang'aa, na juu yake punje nyeupe, nyingi, kama chumvi ya mawe iliyomwagikia nyama. Picha ilipita mkono kwa mkono. Ilipomfikia mtu alimtazama Jovita, akampa wa pembeni.

"Si mimi nasema," Heri alisema. "Ni makina ya waganga, ile kamera, imeona. Hiyo nyeupe iko nini, shemeji? Wamekuambia?"

Jovita alisogea mbele kidogo ili asikie vizuri.

"Muganga amesema ini iko na ugonjwa," Bahizire alijibu. "Amenipa dawa."

"Ugonjwa gani?"

"Wa ini."

Watu wakasubiri. Jovita akasubiri. Bahizire alianza kuchomoa nyuzi za mkeka, moja moja. Kutaja kifua kikuu hakuthubutu, maana mtaani ukitaja kifua kikuu watu wanamalizia wenyewe kwamba una virusi, na Chanceline angemalizia wa kwanza. Hiyo yote ilisomeka usoni kwake. Jovita aliisoma.

Akafanya kile alichofikiri kitamaliza maneno. Alifungua pindo la kitenge, akatoa chupa, chupa yake mwenyewe, akainua kidonge kila mtu akione.

"Mnauliza kitu cheupe kinachotoka kwenye mkebe wangu. Ni hiki. Mimi nina virusi, na hii ni dawa yangu. Nameza kila siku, na ndiyo maana mnaniona niko hai." Akakiweka mdomoni, akameza bila maji.

Kuku tu ndio walisikika wakiparua. Jovita alidhani kimya hicho ni aibu yao, kumbe Heri alikuwa anapanga mambo kichwani, taratibu, kama anavyotafuta ubovu wa injini.

"Sawa," Heri alisema. "Umejisemea mwenyewe. Hiyo dawa kali ya ugonjwa wako ndiyo ulikuwa unamuwekea shemeji kwa sahani. Mimi niliona, si mara moja. Mutu muzima, hana ugonjwa wowote, unamulisha dawa ya virusi. Ini itaacha kuoza?"

Watu wakaguna. Ilikuwa imeeleweka. Ilikuwa imeeleweka vizuri kuliko karuho, maana sasa sumu ilikuwa na chupa na jina.

Chanceline hakuwa na hasira. Ndicho kilichomuumiza Jovita kupita yote. Alimtazama tu, machozi yanamtoka, akauliza, "Dada Jovita, alikukosea nini?"

Jibu lilikuwa fupi. Lilikuwa limekaa kwenye ulimi wa Jovita, na kulitema kulihitaji pumzi moja: muulize mume wako. Alimwangalia Bahizire.

"Baba Benita. Mwambie mke wako ulikuwa unakula nini kwangu."

Bahizire alichomoa uzi mwingine. "Mi nilikuwa nakula tu," alisema. "Sikuwa naangalia."

Hapo Jovita alimchukia. Alimchukia kwa roho yote, na angeweza kumfunua saa ile ile. Lakini alimwona Chanceline na yule mtoto aliyelala mgongoni, akaona uani ulivyojaa watu waliokuwa na njaa ya neno moja zaidi, akakumbuka benchi la kliniki na walivyoapiana. Hakutaka mwanamke yule alisikie jambo lile kwa mara ya kwanza pale, mbele ya umati. Siri ilikuwa ya Bahizire, aliyepaswa kuitoa ni Bahizire. Jovita akafunga chupa, akaifundika kwenye kitenge, akatoka. Walimpisha njia pana kama mtu mwenye ukoma.

Yaliyofuata hayana utamu wa kusimulia. Walivunja mabenchi. Sufuria kubwa waliitoboa kwa msumari, kazi ya mtu aliyekaa kitako na kutulia. Mkuu wa mtaa, ambaye si mtu mbaya, alimwita pembeni akamwambia hataweza kumlinda, na wanaosingiziwa sumu hapa anajua wanavyofanywa. "Ondoka kidogo, mama. Watasahau." Jovita alipanda gari la Bujumbura na godoro lake, akashuka njiani, Magara, kando ya ziwa.

Kutoka Rumonge habari zilimfikia kwa wauza samaki. Bahizire anapona. Tumbo limeshuka, anakula, anacheka. Na la ajabu, mkojo wake ulitoka mwekundu, mwekundu kama mawese, Heri akaita majirani waje washuhudie kwenye kopo. Karuho inatoka. Mganga wa mitishamba akapata jina kubwa. Watu wakaja kwake hata kutoka Nyanza-Lac. Jovita aliposikia habari ya mkojo alicheka mpaka mwenye kusimulia akaogopa. Kila anayeanza dawa za kifua kikuu anaambiwa siku ile ile ya kwanza na muuguzi: usishtuke, mkojo utakuwa mwekundu, ni rangi ya dawa. Bahizire aliambiwa. Alisimama pale karibu na kopo, watu wakamshukuru Mungu, naye akaitikia amina.

Kwa hiyo jinsi alivyozidi kupona ndivyo Jovita alivyozidi kuwa na hatia. Angekufa, labda wangesema ni Mungu amemchukua.

Magara hawakumjua. Alianza na kikaango kimoja, dagaa na muhogo wa kuchemsha kwa wavuvi wanaporudi asubuhi, kisha akasimamisha turubai, akasonga ugali tena. Kila sahani aliyoiweka mbele ya mtu aliionja kwanza. Wavuvi walidhani ni adabu ya kwao Tanzania, wakamtania kwamba anawapunguzia chakula. Aliwajibu, "Ninapima chumvi." Hakuweza kuacha.

Bahizire alikuja msimu wa mvua, saa ya chakula, watu wakiwa wachache. Jovita hakumtambua mara moja. Alikuwa amenenepa. Shingo imejaa, macho meupe, shati jipya la kitenge.

"Amahoro, dada."

"Amahoro."

Akakaa. Alisema amemaliza dawa za kifua kikuu. Alisema amepata kazi kwenye mashine ya mawese hapo karibu na Magara, atakuwa anashinda huku na kurudi Rumonge kila Jumamosi. Alishukuru, murakoze, mara nyingi, bila kusema ni kwa nini. Jovita alimwacha amalize.

"Umemwambia Chanceline?"

"Bado, dada. Ametulia sasa. Nitamwambia."

Akaingiza mkono kwenye mfuko, akatoa chupa ya vidonge, akaiweka mezani karibu na bakuli la pilipili. "Kule ninapolala tuko wengi chumba kimoja. Niwekee, kama zamani. Wewe tu ndiye ninayekuamini."

Jovita aliitazama ile chupa. Alichoka, hasira haikuja hata alipoitafuta. Mwisho wa yote Bahizire alikuwa binadamu mwenye njaa aliyetoka kazini, mikono ina mawese mpaka kwenye viwiko, na yeye kazi yake ni kulisha. Alipakua ugali, akapakua mukeke mzima, akaweka mbele yake. Akageuka kuchukua birika, akammiminia maji ya kunawa.

Bahizire alinawa. Kisha mikono yake ikabaki juu ya meza, inatiririka maji, haigusi kitu. Alitazama sahani. Alitazama barabara. Alimtazama Jovita, akarudisha macho kwenye sahani, akatabasamu kidogo kama mtu anayeona aibu kuomba.

Jovita alidhani anataka chumvi. Akaisogeza chumvi. Bahizire hakuichukua.

Ndipo Jovita akaelewa. Alikuwa anangoja aonjewe.

Yeye, aliyejua. Mwaka mzima watu wamemwambia alilishwa, mke amemwambia, shemeji amemwambia, mganga amemwonyesha kwenye kopo, naye akaitikia amina mpaka ikamwingia.

Jovita alinawa mkono wake. Akachota tonge, akachovya kwenye mchuzi, akanyofoa kipande cha samaki, akala, akatafuna mbele yake taratibu mpaka akameza. Bahizire akavuta sahani, akala, akamaliza yote, hata mifupa akaifyonza, akasema hakuna anayepika mukeke kama yeye pwani hii yote.

Bahizire alipokuwa anafuta mikono, Jovita alichukua ile chupa mezani, akaitia kwenye mfuko wa shati lake jipya, akaufunga kifungo.

"Nenda kampe Chanceline akuwekee," alisema, akabeba sahani kwenda kuiosha.